Wajibu wa Kanisa wa Kukabili Dhuluma Iliyozoeleka: Ukeketaji wa Watoto Wachanga katika Ugogo

1.0 Utangulizi

Kata ya Zuzu ipo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, mahali ambapo mji unakutana na mashamba. Jina lake linafahamika kitaifa kwa sababu ya kituo cha kupoza umeme kilichojengwa huko, kiungo kimojawapo cha njia ya umeme wa msongo mkubwa inayotoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga. Eneo lenyewe ni sehemu ya Ugogo, nchi ya mvua chache, ambako kaya hulima uwele, mtama, karanga, alizeti na zabibu, na kufuga ng'ombe na mbuzi. Ni nchi ya makanisa pia. Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste wote wana waumini wao katika vijiji vinavyolizunguka jiji, na ni vigumu kupata kitongoji ambacho Jumapili yake haina kwaya.

Makala haya yanafafanua wajibu wa Kanisa la Kikristo katika kukabili dhuluma ambayo jamii imeizoea kiasi cha kutoiona tena kuwa dhuluma. Mfano unaotumika ni ukeketaji wa watoto wachanga wa kike. Zuzu imechukuliwa kama mahali pa kusimama na kulitazama suala hili. Takwimu za kitaifa za ukeketaji hutolewa kwa ngazi ya mkoa, wala hazisemi lolote kuhusu kata moja. Kwa hiyo yanayoelezwa hapa yanahusu Ugogo kwa jumla na hayapaswi kusomwa kama shutuma dhidi ya wakazi wa kata hiyo. Hoja kuu ni kwamba katika Ugogo kitendo hiki kimehamia katika miezi ile ile ambayo Kanisa humpokea mtoto na mama yake. Kwa sababu hiyo ukimya wa Kanisa hauwezi kuelezwa kuwa ni kutojua.

2.0 Lawalawa na mabadiliko ya mila

Kwa muda mrefu ukeketaji katika Ugogo ulikuwa sehemu ya unyago. Wasichana waliokuwa wakikua walikusanywa, wakafundishwa, wakatahiriwa na ngariba, kisha wakarudishwa nyumbani kwa shangwe. Peter Rigby, aliyechapisha utafiti wake kuhusu Wagogo mwaka 1969, alionesha jinsi shughuli za jando na unyago zilivyofungamana na mamlaka ya mtemi, ambaye alikuwa pia msimamizi wa mvua na rutuba ya nchi. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Ihumwa, alikwisha kuandika kwa Kiswahili kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kikachapishwa mwaka 1954. Katika mazingira hayo tohara ilikuwa na msimu wake, mashahidi wake na mafunzo yake.

Hali hiyo ilibadilika katika miongo iliyofuata uhuru. Katika mikoa ya Dodoma na Singida ilienea imani kuhusu ugonjwa uitwao lawalawa. Jina hili hutumika kwa dalili mbalimbali zinazoonekana katika sehemu za siri za mtoto wa kike: kuwashwa, vipele, uchafu unaotoka, maumivu wakati wa kukojoa, pamoja na homa na kulialia. Wanaoiamini husema kwamba ugonjwa huo unatokana na hasira ya mizimu kwa sababu watu wameacha mila, na kwamba dawa yake ni kumkeketa mtoto. Wazee wengi waliohojiwa na watafiti wamekiri kwamba zamani lawalawa haikuwapo, au haikujulikana kwa jina hilo. Inahusishwa na kipindi ambacho serikali ilianza kupiga vita mila za tohara ya wanawake na watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa, yaani miaka ya 1970.

Maelezo ya kitabibu ni mepesi zaidi. Dalili hizo ni za maambukizi ya njia ya mkojo na ya ngozi, ambayo hutibika kwa dawa za kawaida za zahanati na kwa usafi. Hapa ndipo suala la maji linapoingia, nalo halipewi uzito unaostahili katika mahubiri mengi yanayolaumu giza la mila. Katika nchi ambayo kisima hukauka kabla ya mwisho wa kiangazi, na mama hutumia saa nyingi za siku kutafuta ndoo mbili za maji, mtoto asiyeogeshwa vya kutosha ataugua. Akiugua, bibi yake ana maelezo tayari. Ukosefu wa maji, umbali wa zahanati na imani ya mizimu vimesokotwa pamoja kama kamba. Anayeivuta nyuzi moja peke yake hataifungua.

Kutokana na imani hiyo, umri wa kukeketwa ulishuka. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa, kati ya wanawake wa Tanzania waliokeketwa, takribani theluthi moja walifanyiwa hivyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Jambo lililokuwa la mwituni na la hadharani limekuwa la chumbani. Hakuna ngoma, wala mgeni mualikwa, wala jirani wa kushuhudia. Mtoto hulia, na watoto wachanga hulia kila siku.

Sheria nayo ilichangia mabadiliko haya bila kukusudia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachofanya kuwa kosa kwa mwenye uangalizi wa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kumkeketa au kusababisha akeketwe. Adhabu yake ni kifungo cha miaka isiyopungua 5 na isiyozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Sheria hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, sheria ya jinai huhitaji shahidi, na mtoto wa miezi miwili si shahidi. Msichana wa miaka kumi na miwili angeweza kumweleza mwalimu. Mtoto mchanga hawezi, na akiwa mtu mzima huenda asijue kabisa alichofanyiwa.

Jambo hili linapaswa kukumbukwa wakati wa kusoma takwimu. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuta kuwa asilimia 47 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Dodoma walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 mkoani Dodoma na 8 kitaifa. Kushuka huko kwa Dodoma ni kukubwa mno kwa miaka saba, na ni jambo la kufurahia kwa tahadhari. Katika kipindi hicho hicho serikali ilihamia Dodoma, na maelfu ya watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara kutoka mikoa isiyokeketa wakaja kuishi humo. Nao huhesabiwa kama wakazi wengine. Aidha, takwimu hizi hutegemea kauli ya mwanamke mwenyewe, na aliyekeketwa akiwa mchanga anaweza kujibu kwa nia njema kwamba hakukeketwa. Mama anayejua kwamba kitendo hicho ni jinai ana sababu zaidi ya kunyamaza kuhusu binti yake. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwa uhakika ni sehemu gani ya upungufu huo ni mabadiliko ya mwenendo, na ni sehemu gani ni mabadiliko ya wanaohojiwa.

Kuna hoja nyingine ambayo mabadiliko ya umri yanaileta. Utetezi wa kawaida wa ukeketaji ni kwamba ni mila, na kwamba mila humfanya mtoto kuwa mtu mzima. Lakini mtoto anayenyonya hafundishwi lolote, wala haingii utu uzima. Yaliyokuwa mazuri katika unyago, yaani mafunzo, urafiki wa wanarika na heshima ya kupokelewa na jamii, yote yameondoka. Kilichobaki ni wembe. Anayeitetea lawalawa kwa jina la mababu anatetea jambo ambalo mababu wenyewe hawakulijua.

3.0 Kanisa lililojifunza kuzungumza na lililojifunza kunyamaza

Ukristo si mgeni katika Ugogo. Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Uingereza kilifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na baadaye Mvumi ikawa kituo chenye shule na hospitali. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Kanisa Katoliki nalo lilijenga misheni zake, Bihawana ikiwa mojawapo, upande huo huo wa jiji ilipo Zuzu. Ni vizazi vingi sasa tangu bibi wa kwanza wa Kigogo abatizwe. Ngariba wa leo anaweza kuwa mjukuu wa mkatekista.

Makanisa ya Tanzania hayakosi uzoefu wa kuikosoa dola. Wakati wa Kwaresima ya mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe uliogusa uhuru wa kisiasa nchini, na maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri wakatoa waraka wa Pasaka uliohoji mambo kama hayo. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko la kupinga makubaliano ya uendeshaji wa bandari, nalo likasomwa katika makanisa nchini kote. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na yaliyomo. Linalohusika hapa ni kwamba taasisi hizi zina njia ya kufikisha neno moja katika kila kigango kwa Jumapili moja, na zimewahi kuitumia.

Ugogo pia unayo kumbukumbu ya karibu ya ujasiri wa namna hiyo. Festo Kivengere, mhubiri wa Uamsho wa Afrika Mashariki kutoka Kigezi, alifundisha shule Dodoma tangu miaka ya 1940, na wengi waliokuja kuwa viongozi wa Kanisa walimsikiliza. Miaka mingi baadaye, akiwa Askofu wa Kigezi, alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Uganda walioandika barua ya kumlaumu Idi Amin mwezi Februari 1977. Siku chache baada ya barua hiyo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, naye Kivengere akakimbilia uhamishoni.

Uamsho huo huo, hata hivyo, unasaidia kueleza kwa nini ukeketaji ulipita katikati ya toba bila kuguswa sana. Waliookoka walisimama mbele ya wenzao na kuungama: ulevi, uzinzi, wizi, chuki, kwenda kwa waganga. Dhambi ilikuwa tendo la mtu mmoja ambalo dhamiri yake ilimshtaki. Ukeketaji haukuja kwa sura hiyo. Mama aliyempeleka bintiye kwa ngariba hakuhisi hatia. Alihisi kwamba ametimiza wajibu wa mama mwema, na kwamba kama asingefanya hivyo ndipo angekuwa mkosefu. Dhamiri haiwezi kuungama lisiloliona. Hii ndiyo maana ya dhuluma iliyozoeleka: haina mkosaji anayejijua, na mdhulumiwa wake wa jana ndiye mtendaji wake wa leo.

Sababu nyingine ni ya kijamii, na wachungaji huielewa vizuri hata wasipoisema. Kumkemea Rais kutoka mimbarini kunahitaji ujasiri wa aina moja. Kumkemea mama mkwe wa mzee wa kanisa kunahitaji ujasiri wa aina nyingine, kwa sababu kesho yake mhubiri atakutana naye kisimani. Mchungaji wa kijijini huishi kwa sadaka za watu hao hao, mahindi yao na kuku wao. Mara nyingi yeye mwenyewe ni Mgogo, na bibi anayetajwa ni wa ukoo wake. Kwa kawaida ukeketaji huhesabiwa kuwa mambo ya wanawake, na mwanamume anayeyataja hadharani huonekana amekosa adabu. Kwa hiyo ibada huendelea, na somo la siku hiyo huhusu uvumilivu.

4.0 Makosa na mafanikio ya kwingineko

Kanisa likiamua kusema, linaweza pia kusema vibaya. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Kenya. Mwaka 1929 misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, ikiongozwa na Dakta John Arthur, pamoja na misheni nyingine kadhaa, ilidai waumini na walimu wake waape kuachana na tohara ya wanawake. Waumini wengi waliondoka. Shule huru na makanisa huru ya Wakikuyu yalikua haraka kutokana na mgogoro huo, na tohara ikageuka kuwa alama ya kudai ardhi na utu mbele ya wakoloni. Jomo Kenyatta aliitetea katika kitabu chake cha mwaka 1938. Kwa wengi, suala la mwili wa msichana lilipotea ndani ya suala la nani ana haki ya kumwamuru Mwafrika.

Hata hivyo, historia hiyo husimuliwa mara nyingi kana kwamba walikuwapo wamisionari na wanaume wa Kikuyu tu. Walikuwapo pia wanawake Wakristo wa Kikuyu waliounda kikundi kilichoitwa Ngo ya Tuiritu, yaani ngao ya wasichana. Mwaka 1931 waliliandikia baraza la wenyeji la Nyeri Kusini wakieleza kwamba jambo hilo ni la wanawake na kwamba wanaume hawapaswi kuliamua bila wao. Sauti hiyo haikupata nguvu iliyostahili. Lau misheni ingewasikiliza wanawake hao kwanza, kabla ya kuandaa kiapo, huenda mambo yangekwenda kwa njia nyingine.

Masasi, kusini mwa Tanzania, palifuatwa njia iliyo kinyume. Vincent Lucas wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, aliliingiza jando la wavulana ndani ya Kanisa katika miaka ya 1910 na 1920: padri alikuwapo, sala zikaingizwa, na mafunzo yakachujwa. Kwa upande wa wasichana kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mamlaka ya unyago yalikuwa mikononi mwa makungwi, na wamisionari wa kiume hawakuwa na mlango wa kuingilia. Njia ya Masasi ina hekima yake, lakini haifai kwa lawalawa. Sherehe inaweza kubatizwa. Mkasi wa chumbani hauna sherehe ya kubatiza.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi kwa wakati. Mkoani Mara ukeketaji hufanywa kwa misimu, hasa mwezi Desemba, kwa wasichana wanaojitambua. Huko Masanga, wilayani Tarime, Wakatoliki wameendesha kambi za kuwahifadhi wasichana wakati wa msimu. Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu, wilayani Serengeti, chini ya Kanisa la Anglikana Dayosisi ya Mara, ikiongozwa na Rhobi Samwelly, mwanamke ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana. Wasichana wengi wameokolewa kwa kukimbilia huko, wengine usiku, kwa miguu.

Wafadhili na viongozi wa dini huvutiwa na mfano huu, na ni haki wavutiwe. Lakini ukihamishiwa Dodoma bila kufikiriwa hautafanya kazi, kwa sababu iliyo wazi: mtoto mchanga hawezi kukimbia. Nyumba salama hujengwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu ya kufika. Katika Ugogo aliyebeba mtoto ndiye pekee awezaye kumkimbiza, na huyo ni mama, ambaye mara nyingi anaishi kwa wakwe zake, ana miaka ishirini au chini ya hapo, na ameambiwa na watu anaowaheshimu kwamba mwanawe atakufa asipokeketwa. Kazi ya Kanisa huko ni kumfikia mama huyo mapema.

5.0 Msingi wa Maandiko

Wanaopendelea ukimya husema kwamba kazi ya Kanisa ni kuhubiri wokovu, na kwamba mila ni za watu wenyewe. Maandiko hayawaungi mkono. Manabii wa Israeli, Amosi na Isaya hasa, walieleza kwamba Mungu anazikataa sikukuu na nyimbo za watu wasiomtendea haki mnyonge. Ibada haikuwa kinga ya dhuluma, ilikuwa sehemu ya shtaka. Katika Injili ya Marko sura ya 7 Yesu anawashutumu walimu wa sheria kwa kulitumia pokeo la wazee kuwa kisingizio cha kuwanyima wazazi wao msaada. Hakulaumu pokeo kwa kuwa la kale. Alilipima kwa swali moja: linamfanyia nini aliye dhaifu?

Suala la tohara lenyewe liliwahi kuligawa Kanisa la kwanza. Mkutano wa Yerusalemu, unaosimuliwa katika Matendo ya Mitume sura ya 15, uliamua kwamba wasio Wayahudi wasitwishwe tohara, na Paulo akawaandikia Wagalatia kwa ukali juu ya jambo hilo. Ilikuwa tohara ya wanaume, wala mazingira hayakuwa sawa, na si haki kuyachukua maneno ya Paulo kana kwamba alikuwa akijibu habari za Dodoma. Kinachoweza kuchukuliwa ni kanuni: mwili wa muumini haudaiwi alama ya ziada ili akubalike mbele za Mungu na mbele ya jamii ya waumini.

Kwa Ugogo, hata hivyo, andiko linalogusa zaidi huenda ni lile la mwanzo wa kitabu cha Kutoka. Shifra na Pua walikuwa wakunga. Hawakuwa na cheo, jeshi wala waraka. Walikuwa na nafasi moja tu, ya kuwapo chumbani mtoto alipozaliwa, na kwa nafasi hiyo wakakataa amri. Makanisa yamehubiri sana kuhusu Musa mbele ya Farao na kidogo sana kuhusu wanawake hao wawili, ambao bila wao hadithi ya Musa isingeanza.

6.0 Miezi kabla ya ubatizo

Ukiwekwa pamoja, mwenendo wa kukeketa wachanga na mwenendo wa maisha ya Kanisa hutokea kwa kalenda moja. Mtoto anazaliwa. Katika wiki na miezi inayofuata, mama huenda kliniki kwa chanjo na kwenye kanisa kwa shukrani. Waanglikana, Wakatoliki na Walutheri humbatiza mtoto mchanga. Wapentekoste humweka wakfu. Kabla ya hapo wazazi, na katika baadhi ya makanisa wasimamizi, hupewa mafundisho. Hakuna taasisi nyingine kijijini, ukiondoa zahanati, inayomkalisha mama na baba wa mtoto wa wiki sita chini na kuwauliza wanakusudia kumlea vipi. Serikali haina kikao hicho. Shule haina. Kanisa linacho, na hulitumia kufundisha Kanuni ya Imani, jambo lililo sahihi, kisha linafunga daftari.

Katika kikao hicho lawalawa inaweza kutajwa kwa jina lake. Baba awepo, kwa kuwa katika nyumba nyingi nguvu ya kumkatalia mama yake mzazi ni ya kwake, wala si ya mke. Muuguzi wa zahanati akialikwa, aeleze dalili na tiba, jambo ambalo mchungaji hana elimu nalo na hapaswi kulidai. Vikundi vya wanawake, kama Umoja wa Akina Mama kwa Waanglikana na WAWATA kwa Wakatoliki, vina uwezo ambao mimbari haina, kwa sababu wanawake hawa huingia katika nyumba ya mzazi siku ya tatu na kumwogesha mtoto. Bibi aliyekeketa na akaacha husikilizwa kuliko askofu. Nazo jumuiya ndogo ndogo, ambazo hukutana kila wiki kwa nyumba kumi au kumi na tano, ndizo mahali pa pekee ambapo familia kadhaa zinaweza kukubaliana kwa pamoja, ili mama mmoja asionekane peke yake amewachukiza mizimu.

Maji yatajwe pia. Kanisa linaloukemea ukeketaji bila kuuliza kisima kilikauka lini linawatwisha wanawake lawama zote na kuziacha halmashauri zipumzike. Uzito wa neno la Kanisa mbele ya diwani kuhusu bomba la maji ni sehemu ya uzito wa neno lake mbele ya bibi. Upande wa afya ya uzazi, ushahidi upo: utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionesha kwamba waliokeketwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kutokwa damu nyingi na kupoteza watoto wakati wa kujifungua. Mwanamke aliyezika mtoto wake wa kwanza anastahili kuambiwa jambo hilo bila kulaumiwa.

Linabaki swali gumu ambalo makala haya hayaoni njia rahisi ya kulitatua. Mchungaji au mwanamama wa umoja akigundua kwamba mtoto amekwisha kukeketwa, afanye nini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Akitoa taarifa, mama anaweza kufungwa miaka mitano, mtoto akiwa bado ananyonya, na katika kitongoji hicho hakuna mama mwingine atakayefungua mlango wake tena kwa watu wa kanisa. Asipotoa, amekuwa mshiriki, na ngariba aliyelipwa ataitwa nyumba ya pili. Baadhi ya viongozi wametofautisha kati ya ngariba, anayepaswa kufikishwa mbele ya sheria, na mama, anayepaswa kufikiwa na ushauri na ustawi wa jamii. Sheria yenyewe haiweki tofauti hiyo, kwa kuwa kifungu cha 169A kinamlenga kwanza mwenye uangalizi wa mtoto, yaani mzazi. Sinodi na mabaraza ya makanisa mkoani Dodoma yana wanasheria na wanateolojia wa kutosha, pamoja na vyuo vya kanisa jijini, wa kulijadili jambo hili kwa maandishi na kuwapa wainjilisti wa vijijini mwongozo. Kwa sasa, katika sehemu nyingi, mwinjilisti huyo huamua peke yake, mlangoni, mtoto akilia ndani.